Msanii akipanda jukwaani, kura yako inahama?

Mkorosho, Newala: Wakuu, mwaka 2024 mwanamuziki Taylor Swift alimuunga mkono Kamala Harris kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani, na bado Trump akashinda. Huku kwetu wasanii wanajaza viwanja vya kampeni. Wanabadilisha kura kweli?

Binti Mikindani: Uwanja wanajaza. Mimi nilicheza mpaka khanga ikalowa jasho, lakini nyumbani nikamkuta mama ameshika stakabadhi ya korosho, malipo bado. Kura yangu ilifuata ile karatasi.

Mzee wa Nachingwea: Msidharau, wanangu. Watafiti Marekani walikadiria mtangazaji wa TV Oprah Winfrey alimletea Obama kura kama milioni 1 kwenye mchujo wa 2008, ule wa kumpata mgombea urais wa chama cha Democratic.

Mkorosho, Newala: Shikamoo mzee. Ule ulikuwa mchujo wa chama kimoja, mtu hahami chama, anachagua jina tu. Hapo nakubali.