Mjadala: KWS iifungie magari Shimba Hills Jumapili asubuhi, baiskeli zipite peke yake?

MpandaKwale
Assalam aleikum jamani. Nataka tuijadili hoja hii kabla barua kwa KWS, shirika la wanyamapori, haijaandikwa. Barabara za ndani ya hifadhi ya Shimba Hills, toka geti kuu pale karibu na Kwale mjini mpaka Giriama Point, ni za murram, si lami, tulivu, zina kivuli cha msitu, na kule juu kuna ubaridi ambao Kisauni huupati hata mwezi wa saba. Tuiombe KWS izifungie magari kila Jumapili, toka geti linapofunguliwa saa kumi na mbili mpaka saa nne asubuhi. Hell's Gate kule Naivasha baiskeli zaingia kila siku, waikodi hapo hapo kwenye geti la Elsa, na ile ni hifadhi ya taifa tangu 1984. Pwani twanyimwa kwa nini?

DerevaWaWatalii
Masaa hayo manne unayoyataka ndiyo palahala, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, hutoka kwenye nyasi. Jua likikaza warudi msituni, humuoni mmoja. Mgeni ametoka Diani alfajiri kwa ajili ya mnyama ambaye Kenya hii yuko porini Shimba tu, nimwambie angoje watu wamalize mazoezi? Na Hell's Gate hakuna ndovu. Shimba imejaa ndovu. Halafu tusifichane, Kwale ni kwa watu wa heshima. Wanaume wazima wapita sokoni na suruali za kubana kama ngozi. Haipendezi.

BintiLikoni
Kumbe shida ni suruali! Basi sikiza, ndugu dereva. Ile suruali hubana kwa sababu. Kitambaa kikilegea hukunjana baina ya paja na tandiko, na ukikanyaga pedali saa mbili mfululizo ngozi huchubuka, ukishachubuka na jasho la chumvi huwezi kuketi tena. Ndani yake mna pedi isiyo na mshono wa katikati, ndiyo maana haivaliwi na nguo nyingine chini yake. Atakaye stara avae kaptula pana juu, imekwisha. Wanawake twavaa hivyo na twafika. Usiwahukumu watu kwa nguo.

DerevaWaWatalii
Sijahukumu mtu, dada. Nimesema wapite kwa adabu. Ile kaptula ya juu mbona hawaivai?

MzeeWaVuga
Wanangu, kama ni mavazi, semeni linalodhuru. Shimba kuna mbung'o, na wamechunguzwa na wataalamu miaka mingi kwa sababu wanaambukiza ng'ombe wa huku nagana, ugonjwa wa malale wa mifugo. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na rangi zinazomvuta zaidi ni buluu na nyeusi. Tazameni mitego yake, ni kitambaa cha buluu na cheusi. Sasa hizo jezi zenu karibu zote ni rangi hizo. Huuma juu ya kitambaa chembamba, hasa mgongoni pale jezi ilipobana. Vaeni kahawia au kijani iliyofifia, ya mikono mirefu, iwache mwanya kidogo na ngozi. Mafuta ya mbu hayamzuii sana.

MpandaKwale
Shukran mzee, hilo la rangi litaingia kwenye barua. Turudi kwenye hoja. Nakubali kwamba si kila baiskeli iruhusiwe. Wenye Black Mamba, zile baiskeli za chuma za mizigo, waishie Kombani, kwa sababu breki zao hazifai kwa mteremko wa Kwale.

BintiLikoni
Subiri. Waishie Kombani? Watu wa Matuga wateremka na Mamba yenye mitungi mitano ya lita 20, hiyo ni kilo mia moja za maji peke yake, kila siku ya Mungu. Wewe na baiskeli yako ya malaki ndiye utawaambia watu wenye milima yao wasipite? Hifadhi hii si ya watu wa Nyali.

MpandaKwale
Siishi Nyali na sijataja pesa. Nimetaja breki. Kubeba maji kwenye njia ya kijiji si sawa na kushuka lami ndefu kwa kilomita 50 kwa saa.

FundiMajengo
Hapa mwagombana bila kuifungua baiskeli. Breki ya Mamba ni ya fimbo: ukivuta mkono, fimbo ya chuma huinua kibano, na mpira husukuma upande wa ndani wa rimu, si ubavuni. Rimu ikiwa kavu na gurudumu halina yumbo, yashika vizuri. Tatizo ni rimu ya chuma iliyopakwa kromu. Ikilowa, maji hubaki juu yake kama utando, gurudumu huzunguka mara kadhaa kabla mpira haujagusa chuma. Basi mvua ikinyesha anza kushika breki polepole mapema, ufute maji, ndipo uikaze. Nafasi ya mpira na rimu iwe milimita 2 au 3. Na kaza nati za viungo vya fimbo kabla ya safari, maana murram hutetemesha mpaka zikalegea, na kiungo kikitoka huna breki ya mbele.

Sasa za malaki. Rimu ya kaboni yenye breki za ubavuni ndiyo inayonitia hofu zaidi kwenye mteremko wa Kwale. Kaboni haipitishi joto haraka kama aluminiamu. Mtu mwoga huishika breki moja kwa moja toka juu mpaka chini, gundi iliyoshika kaboni hulainika, hewa ndani ya tairi husukuma kuta za rimu nje, na tyubu hupasuka. Mwenye rimu ya aluminiamu na mipira mizuri ashuka salama kuliko yeye. Mkono wa kushuka ni huu: shika kwa nguvu sekunde mbili au tatu kabla ya kona, achia, acha upepo upoze, shika tena. Usivute kidogo kidogo njia nzima.

MpandaKwale
Mimi natumia breki za diski, fundi. Hayo hayanihusu.

FundiMajengo
Yanakuhusu. Diski haipasui tairi, lakini pedi zake zikivutwa muda mrefu hung'aa kama kioo na kuacha kushika. Tone moja la mafuta ya cheni likigusa diski, pedi zimekufa, nunua nyingine. Na kama diski yako ni ya waya, una ugonjwa ule ule wa Mombasa nzima: chumvi. Waya hauozi pale unapouona. Huoza ndani ya mkono wa breki, pale kwenye kichwa, uzi mmoja mmoja, na siku ukivuta kwa nguvu ndiyo siku ukatikayo. Vuta mkono mpaka mwisho, chungulia na tochi. Ukiona uzi mmoja umekatika, badilisha wote. Weka waya usiopata kutu, milimita 1.5 au 1.6. Kuna watu hutia waya wa gia, wa 1.2, kwa kuwa ni rahisi kuupata. Kichwa chake ni kidogo na hakikai sawa kwenye breki. Huko ni kujiua.

BintiLikoni
Ahsante fundi. Kwa hiyo Mamba hazikatazwi.

FundiMajengo
Zikaguliwe. Zote zikaguliwe.

Kaskazi_na_Kusi
Mwaongea breki, na tairi hamjazitaja. Ndani ya hifadhi ni murram na mchanga mlaini kwenye mabonde, na masika yakipiga, Aprili na Mei, ule udongo huganda kwenye fremu mpaka gurudumu halizunguki. Tairi ya milimita 28 ni ya lami, ndani huzama. Anzia 40. Kwa mtu wa kilo 70, hewa iwe psi 35 mbele na 40 nyuma. Ukishaumaliza murram, jaza upya kabla ya kushuka lami, la sivyo tairi hulala kwenye kona. Gia, mbele meno 34 na nyuma 34, hapo goti halitalia. Msimu mzuri ni Januari na Februari, kaskazi, ardhi kavu.

MzeeWaVuga
Na kwani lazima muingie ndani? Hatari kubwa i kabla ya geti. Toka feri ya Likoni mpaka Kombani ni barabara kuu ya Lunga Lunga, malori na matatu, na ukingo wa lami umemegeka. Kama kuna barua ya kuandika, iandikiwe hiyo barabara kwanza. Ukipita Kwale uendelee na lami ya Kinango una msitu, una upepo, hulipi kiingilio.

MpandaKwale
Mzee, hiyo ya Kinango nayo ndovu huvuka kati ya Shimba na hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje.

DerevaWaWatalii
Sasa umelitaja mwenyewe. Toka mwanzo nimesema ndovu, mkanijibu suruali. Gari ndovu amelizoea, ana sauti yake na harufu yake. Baiskeli haina mlio. Wapinda kona kimya, uko mita 20 na mama mwenye mtoto, naye hushtuka kabla yako. Ndovu mbio zake hufika kama kilomita 40 kwa saa, wewe kwenye mpando wenda 8. Utakwenda wapi? Kugeuza baiskeli kwenye mchanga huchukua sekunde ambazo huna.

Kaskazi_na_Kusi
Hilo lina dawa, ila si kufunga magari. Watu wende pamoja wasiozidi kumi, askari wa KWS mwenye silaha mbele. Waongee njiani, wasiende kimya. Kila kona iliyofunikwa na miti, simameni mita 50 kabla, sikilizeni matawi. Mavi ya ndovu yakiwa bado yatoa mvuke, rudini. Wakati wa kusi upepo watoka kusini mashariki, kwa hiyo ukielekea baharini harufu yako yabaki nyuma na ndovu aliye mbele hana habari yako. Huko ndiko kwa kuongeza tahadhari. Ukimuona, mita 100 ndiyo mwisho, shuka, rudi kinyumenyume, usipige kengele.

MpandaKwale
Basi barua ibadilike: hatuombi magari yafungiwe, twaomba askari mmoja na ruhusa ya kuingia kwa baiskeli saa kumi na mbili na nusu. Dereva, hilo lakudhuru nini?

DerevaWaWatalii
Watu kumi waongea kwa sauti saa kumi na mbili na nusu, palahala watangoja? Anzeni saa nne, nitatia sahihi hata mimi.

BintiLikoni
Saa nne jua limepanda, watu watazirai kwenye mpando. Saa tatu.

MzeeWaVuga
Na askari huyo, ada yake atalipa nani? Mwenye Mamba wa Golini atalipa sawa na mgeni wa Diani kwenye eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, au mna bei ya wenyeji? Andikeni hilo, ndipo niitie sahihi.