Bustani ya Suzanne Buisson, Paris: njia ipi, na ile sanamu ni ya nani?

Habari wakuu. Kikundi cha chama cha wafanyakazi kinakwenda Montmartre kuona bustani ya Suzanne Buisson. Wapitie wapi? Sanamu iliyomo ni yake?

— Metro namba 12, washuke Lamarck–Caulaincourt. Kituo kiko chini sana, wapande lifti. Kisha mtaa wa rue Girardon, wapande ngazi. Lango liko karibu na Place Dalida. Wasiishie kwenye kibustani cha chini ya ngazi, hicho ni kingine, kinaitwa Joël Le Tac.

— Sanamu si yake, mkuu. Yule aliyeshika kichwa chake mikononi ni Mtakatifu Denis, askofu aliyekatwa kichwa. Pembeni kuna uwanja wa changarawe, watu hurusha tufe za chuma.

— Wasomeeni habari za Suzanne palepale, maana sanamu humfunika kabisa. Alizaliwa 1883, akaanza kazi ya kuuza dukani bado msichana, akaja kuwa kiongozi wa wanawake wa chama cha Kisoshalisti. Wajerumani walipoikalia Ufaransa akaingia kwenye upinzani wa siri. Mwaka 1944 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata mjini Lyon. Alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, hakurudi.

— Asanteni sana wakuu. Nawapelekea leo.