Maneno ya Kimaori tuyafanyeje katika tafsiri ya Kiswahili?

Msomaji wa Ngara
Hamjambo wanajukwaa. Kikundi chetu cha usomaji kinasoma *Potiki*, riwaya ya Patricia Grace wa New Zealand iliyotoka mwaka wa 1986, nami nimepewa sura mbili nizitafsiri ili wazazi wetu wasiosoma Kiingereza wazisikie. Grace ameyachanganya maneno ya Kimaori, lugha ya wenyeji asilia wa nchi hiyo, na Kiingereza bila kuyaandika kwa mlazo, bila sherehe (orodha ya maana za maneno) mwishoni, na hata anaifunga riwaya kwa Kimaori kitupu. Je, niyaache yalivyo au niyatafutie Kiswahili chake?

Mtarjumani wa Buruburu
Ndugu, yaache. Sherehe humfanya mwenye lugha aonekane mgeni katika kitabu chake mwenyewe, na Grace alilikataa hilo wakati Kimaori kilikuwa bado hakijatambuliwa kisheria kuwa lugha rasmi. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka wa 1987. Isitoshe, neno kama *marae* utaliitaje? Ni ua wa jamii ulio mbele ya nyumba ya mikutano, wageni hupokelewa hapo kwa nyimbo na hotuba, na wafu huombolezewa hapo hapo. Ukiandika "uwanja", yote hayo yamepotea.

Mwalimu wa Fasihi, Kasarani
Kuhusu *marae* nakubali kabisa. Lakini tusisahau kwamba Grace alikuwa akishindana na Kiingereza, lugha iliyokandamiza lugha ya wazee wake. Kiswahili hakina deni hilo kwa Wamaori. Nilipokuwa nikimsimulia mama *Tangi* ya Witi Ihimaera, ambayo mwaka wa 1973 ilikuwa riwaya ya kwanza ya Mmaori kuchapishwa, aliacha kuchambua mboga akaniuliza, "Matanga ya nani?" Sauti zimefanana kwa bahati tu, ila maana zinakaribiana mno: katika *tangi*, yaani maombolezo ya Wamaori, jamaa hutoka mbali, hukesha na maiti kwa siku kadhaa, huimba, na hata humlaumu marehemu kwa kuwaacha. Mahali kama hapo ningeandika "matanga" bila kusita, kwa sababu msikilizaji wetu tayari amewahi kuketi kwenye viti vile.

Msomaji wa Ngara
Asante, Mwalimu, nawe pia, Ndugu. *Marae* itabaki, na sentensi zinazoizunguka zitaieleza. Kuhusu *tangi*, Jumamosi nitawasomea wazazi aya ile ile mara mbili, kwanza kwa neno la Kimaori kisha kwa "matanga", niwasikie wao watasema nini.