Video ya harusi imezuiwa kwa sababu ya nyimbo, na dada yangu kaulizwa leseni ya muziki mgahawani

MpigaVideo_Moro

Wakuu, habari za jioni. Napiga video za harusi hapa Morogoro, huu mwaka wa sita. Nina chaneli YouTube, kila harusi naweka kipande cha dakika nne au tano. Ndiyo tangazo langu, wateja wengi wananipatia humo.

Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa na harusi Kihonda. Bibi harusi kaingia ukumbini na Bongo Fleva inayovuma, keki ikakatwa kwa wimbo wa Kinaijeria, wazazi wakacheza kwa wimbo wa kwaya. Nimehariri siku tatu silali. Nikapandisha. Robo saa haijaisha, madai mawili ya hakimiliki. La kwanza linasema mwenye wimbo ndiye atakayekula hela ya matangazo, sawa, mimi hata sijaanza kulipwa. La pili limefunga video katika nchi kadhaa. Shangazi wa bibi harusi yuko Muscat, akanipigia: "Mwanangu, mbona naambiwa video haipatikani nchi niliyopo?" Na mama wa bibi harusi anaamini nimefunga makusudi kwa sababu hela ya mwisho hawajamalizia.

Utetezi wangu huu hapa. Kila wimbo nimetumia sekunde 25 tu. Chini ya video niliandika kwamba nyimbo zote ni za wenyewe na sina nia mbaya. Na ule wa keki nimeununua kwa simu, salio likakatwa. Kosa langu liko wapi?

Jingine: dada yangu ana mgahawa wa chai na chapati karibu na stendi ya Msamvu. Ana spika moja, anapiga nyimbo kutoka kwenye simu yake. Wiki iliyopita walikuja watu wawili wakamwambia anatakiwa kuwa na leseni ya kupiga muziki. Akawapa soda, wakanywa, wakasema watarudi. Ni matapeli, au kuna kitu kama hicho kweli?

Dogo_Maspika

Mkuu hiyo ndogo sana. Ongeza spidi ya wimbo kidogo, au ishushe sauti nusu, mashine ya YouTube haishiki. Mimi nafanya hivyo mwaka wa pili huu.

MamaStudio_Tanga

Dogo, kutokamatwa miaka miwili si ruhusa ya miaka miwili. Mashine ile hairidhiki na video mpya tu, inarudi na kuzipitia zilizokwisha kupanda. Siku ikikushika itakushika na za nyuma zote. Usimpeleke mwenzio huko.

Mpiga Video, mwanangu, mimi nina studio ndogo Tanga tangu 2009, chumba kimoja, kutani nimebandika magodoro. Narekodi kwaya zaidi, na vikundi vya taarab wakipata hela. Kwa hiyo mimi ndiye huyo "mwenye wimbo" anayewazuia. Nisikilize kutoka upande huu.

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti zake, na kuna ile rekodi iliyotoka studio. Pale kwangu utunzi mara nyingi ni wa mwalimu wa kwaya, rekodi ni ya aliyelipia, ambaye huwa kanisa, na mara mojamoja mimi nisipolipwa. Ukiulaza wimbo juu ya picha zako ukauweka hadharani, unahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Hela uliyokatwa kwenye simu ilikuwa ya kusikiliza. Ukinunua doti ya kanga unajifunga, unabebea mtoto, unamtunza wifi yako. Hujauziwa haki ya kwenda kiwandani kuchapisha kanga ileile na jina lake ukauze.

Za sekunde ndizo zinazonichosha. Nimeambiwa kumi, nimeambiwa kumi na tano, juzi mtu kaniapia thelathini. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, haina hesabu hiyo. Inayo nafasi ya nukuu, ya kufundishia, ya habari, na kila moja ina masharti yake. Kukata keki si nukuu. Na yale maandishi chini ya video yanamsaidia mwenye wimbo kuliko wewe, maana umejiandikia mwenyewe kwamba ulijua ni mali ya mtu.

Sasa tulia, hali yako si mbaya. Ulichopata ni dai la Content ID, ile mashine ya YouTube inayotambua nyimbo za watu. Si straiki. Dai linakaa kwenye video ile moja: mwenye wimbo anachagua aizuie, ale matangazo, au aangalie tu inatazamwa kiasi gani, na anaweza kuchagua tofauti kwa nchi na nchi. Ndiyo maana wewe unaiona Morogoro na shangazi haioni Muscat. Straiki ni pale mwenye mali anapoomba rasmi video iondolewe. Hizo zikifika tatu ndani ya siku 90, chaneli inakwenda na kila kilichomo.

Kwa hiyo usibonyeze "pinga" kwa hasira. Ukipinga, mwenye wimbo ana siku 30 za kujibu, na mojawapo ya majibu yake ni kuomba video iondolewe. Hapo dai lililokuwa dogo linazaa straiki. Pinga ukiwa na karatasi mkononi.

Mimi nimepinga mara moja tu. Kwaya moja kutoka Muheza, wimbo wao wenyewe, nimeurekodi mwenyewe, ukapanda na kudaiwa siku hiyohiyo na mtu wa mbali tusiyemjua. Mwalimu wa kwaya akanitazama kama nimemuuzia wimbo mlangoni. Nikakaa na faili usiku, nikakuta chanzo: kijana wangu wa kinanda aliweka mwanzoni mlio wa ngoma uliokuja bure na programu ya kurekodia. Yule bwana naye aliutumia mlio huohuo, kisha akasajili wimbo wake Content ID kama vile kila kilichomo ni chake. Hairuhusiwi, kitu ambacho si chako peke yako hukisajili humo. Nikaandika maelezo, nikaeleza mlio umetoka wapi na leseni yake inasemaje. Siku ya ishirini na sita wakaachia. Siku zote hizo nilikuwa nazikwepa simu za mwalimu.

Kwa leo fanya hivi: ingia YouTube Studio, fungua video hiyo, kwenye dai utaona njia tatu, kukata kipande chenye wimbo, kubadilisha wimbo, au kuufuta. Kufuta wimbo na kuacha maneno ya MC hufanikiwa mara nyingine, mara nyingine sauti inatoka kama mtu yuko ndani ya pipa. Kiungo kinabaki kilekile, shangazi hahitaji kutumiwa kipya. Siku nyingine pandisha video kwanza ikiwa ya faragha, isubiri ikaguliwe, ndipo uifungue kwa watu.

Kinyozi_Nax

Niongezee kuhusu dada yako. Mimi niko Nakuru, Kenya, nina kinyozi chenye viti vitatu. Hapa tuna sheria yetu ya 2001 na ofisi inayosimamia ni KECOBO. Leseni ya muziki nimeibandika ukutani kando ya bei za kunyoa. Hata matatu hulipia.

Mara ya kwanza nilibishana sana. Nilimwambia ofisa hiyo ni redio, stesheni imeshalipa. Akanijibu stesheni ililipia kutangaza, wewe unalipia kuwapigia wateja wako. Nikamwambia basi ni simu yangu na nalipia Spotify kila mwezi. Akaniambia nisome masharti. Nikasoma siku hiyo usiku na kweli, imeandikwa ni ya matumizi binafsi, si ya biashara. Niliumia lakini nililipa.

Kitu kimoja: mwambie aulize kitambulisho na apewe risiti. Hapa kwetu watu wamewahi kulipa mtu wa mtaani.

MamaStudio_Tanga

Kinyozi kasema sawa, na kwetu ni vivyo hivyo. Mgahawa ni hadhara, kwa sababu wanaingia watu walio nje ya familia na jamaa wa karibu. Spika moja au kumi, ni hadhara.

Ila ajue anayemlipa. Zamani COSOTA, chombo cha hakimiliki huku Bara, ndiyo ilikuwa inakusanya yenyewe. Sheria ikarekebishwa 2022, COSOTA ikabaki kuwa Ofisi ya Hakimiliki inayosimamia, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha, yaani hela wanayolipwa wasanii kazi zao zikitumika, ikapelekwa kwa vyombo vya wenye kazi wenyewe vinavyopewa leseni na ofisi hiyo. Ukivuka maji kwenda Unguja, huko ni COSOZA. Kwa hiyo wale wawili wanaweza kuwa wa kweli. Soda si malipo, lakini. Wakirudi, aombe vitambulisho, aombe barua, apige simu COSOTA kuuliza kama chombo hicho wanakitambua, na asimpe mtu noti mkononi. Leseni ikitoka, aitundike pale pa leseni ya biashara.

MpigaVideo_Moro

Shikamoo mama, nimekuelewa vizuri sana. Nimefuta wimbo wa keki, video imefunguka, shangazi kaiona. Sasa harusi zijazo nitumie nini? Wateja wangu hawataki muziki wa lifti. Na je, wimbo nikiuweka kwenye flashi ya mteja tu, bila kuweka YouTube? Halafu nina bibi harusi wa mwezi ujao anataka taarab ya zamani kabisa, anasema hizo hazina mwenyewe, hata Siti binti Saad kanitajia.

MamaStudio_Tanga

Marahaba mwanangu.

Flashi kwanza. Nitakuambia ukweli hata kama hutaupenda: ukiuza video yenye wimbo wa mtu, umeunakili na kuuza. Mashine ya YouTube haiioni flashi, sheria inaiona. Sijasikia mtu kaja kugonga mlango wa mpiga harusi kwa ajili ya flashi ya mama mkwe, ila usimwambie mteja kwamba ni halali.

Siti binti Saad alifariki 1950. Huku Bara ulinzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo alichotunga yeye mwenyewe muda wake umepita. Lakini si kila alichoimba alitunga yeye. Na kikundi kilichourekodi upya wimbo huo mwaka juzi kina haki ya rekodi yake. Nchi nyingine wanahesabu miaka 70, na video yako inatazamwa huko pia. Uzee wa wimbo peke yake haukutoshi, uliza nani katunga na rekodi ni ya lini.

Muziki wa bure upo. YouTube wana maktaba yao ya sauti, na nyimbo nyingine humo zinataka umtaje msanii, mtaje. Kuna zenye leseni za Creative Commons, yaani msanii mwenyewe karuhusu zitumike kwa masharti, hapo soma herufi. Ukiona NC, ni marufuku kwa biashara, na wewe ni biashara. Ukiona ND, ni marufuku kubadilisha, na kuulaza wimbo juu ya picha kwao kunahesabika ni kubadilisha. Watu wengi wanaangukia hapo. Na nyimbo zile za ndani ya TikTok au Shorts ni za humohumo, usizichomoe ukazipeleka kwingine. Akaunti ya biashara ya TikTok nayo ina maktaba yake, si ile wanayotumia vijana wa kawaida.

Lakini mimi ningekuwa wewe ningemtafuta kijana wa hapo hapo Morogoro. Wapo wanaoimba vizuri na hawana pa kusikika. Hapa kuna mpiga video alinifuata mwaka jana, tukamuunganisha na binti mmoja mwenye nyimbo mbili za harusi, akamlipa elfu themanini kwa wimbo mmoja kuutumia mwaka mzima. Binti sasa anaitwa kuimba kwenye sherehe zenyewe. Andikeni karatasi: wimbo gani, katunga nani, rekodi ya nani, utatumika wapi, muda gani, nchi zote au Tanzania tu, hela kiasi gani. Wote wenye haki wasaini, prodyuza naye kama biti ni yake.

Na hili usilisahau, limewaliza wengi: muulize kama wimbo ameupeleka kwa msambazaji wa mtandaoni. Wengi wao wanausajili Content ID papo hapo. Basi hata kama una karatasi yake, mashine itakudai, maana mashine haisomi karatasi. Mwambie amwombe msambazaji aiweke chaneli yako kwenye orodha ya walioruhusiwa. Afanye kabla hujapandisha.

Dogo_Maspika

Mama na matarumbeta je? Yale yanapigwa laivu, hakuna rekodi ya mtu pale.

MamaStudio_Tanga

Umeuliza vizuri leo. Rekodi ni ya mpiga video, wapulizaji wakikubali. Utunzi bado una mwenyewe, kama wanapuliza wimbo unaovuma. Content ID inashika hata mpangilio wa sauti, si rekodi tu. Waombe wapulize cha kwao, kila kundi lina vyake vya kuzunguka na gari. Vigelegele havina msambazaji, weka vingi.

MpigaVideo_Moro

Mrejesho wakuu. Dada kapiga simu, wale watu ni wa kweli, kapewa utaratibu. Kwa sasa kazima spika, wateja wanasikiliza sufuria. Ile video nimeirudia, mlango wa ukumbini nimeweka matarumbeta na vigelegele vitupu, imepita bila dai. Mama wa bibi harusi kaitazama, anasema keki bila muziki imekuwa kama msiba, na hela ya mwisho atatoa nikimrudishia wimbo.