Naombeni ushauri: boma limefika lenta, wenzangu wanasema Bwana yu mlangoni. Niache kujenga?

Mshonaji wa Makambako

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mama wa watoto watatu, nashona nguo hapa Makambako, nimeokoka tangu usichana wangu. Tuna kikundi cha maombi cha akina mama ambacho kimenibeba kwenye mengi, kwa hiyo sitaki mtu akisome vibaya. Ila siku hizi kuna mtumishi anakuja kwenye mikesha yetu, na fundisho lake ni hilo hilo: Bwana yu mlangoni, na anayemngoja kweli hajifungi na mambo ya muda mrefu. Tarehe hajataja. Anasema tu tusijifanye hatuoni dalili.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, amelipokea neno hilo kwa moyo wote. Ametangaza kujitoa kwenye kikoba na anadai hisa zake. Kijana wake yuko kidato cha tatu, amemwambia ada ya mwakani hana sababu ya kuiweka. Mimi nina boma limefika usawa wa lenta, na fedha ya mbao za kupaulia nilishaanza kuitenga. Sasa kila nikipita pale kiwanjani moyo unanishitaki: nasema namngoja Bwana, huku napiga hesabu ya bati.

Halafu kuna hili linaloniuma zaidi. Kwenye mkesha nawaka kweli kweli. Nikirudi nyumbani, wiki inakatika Biblia iko juu ya kabati. Wateja, watoto, umeme umekatika, nguo ya arusi haijaisha. Bwana akija katikati ya wiki atanikutaje?

Naomba mnijibu ninyi mnaoamini kwamba atarudi. Natakiwa ningoje vipi?

Kijana wa Kwaya

Pole dada. Mchungaji wako analijua hili? Kama mtu anafundisha kwenye mikesha na mchungaji wa mahali hana habari, anza hapo kabla ya yote.

Mzee wa Usharika

Mwanangu, nenda kasome Yeremia 28 na 29, usome zote mbili kwa mkupuo mmoja. Watu wa Yuda wamepelekwa Babeli, wanangoja kurudi kwao. Anasimama nabii Hanania hekaluni Yerusalemu na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Ni neno tamu, nani asingelipenda? Yeremia anawaandikia wale mateka barua, anawaambia ni miaka 70. Na kazi anayowapa kwenye barua hiyo hiyo ndiyo hii: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake." Wapande bustani, waoe, wazae, wauombee amani mji waliomo. Waliokuwa wanangoja ahadi ya Mungu ndio walioambiwa wajenge. Hanania alikufa mwaka ule ule.

Sura ya 32 inaenda mbali zaidi. Yerusalemu imezingirwa na jeshi, Yeremia mwenyewe amefungwa, naye ananunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, hati inaandikwa mbele ya mashahidi, inatiwa muhuri, inawekwa kwenye chombo cha udongo. Kununua kule kulikuwa ni imani. Kwa hiyo boma lako lisikuhukumu. Paua.

Ila niseme na lingine, maana limeniumiza kwa miaka. Sisi wa ukanda huu tumeshaonyeshwa mwisho wa fundisho la "acheni yote, siku imefika." Kanungu, Uganda, waumini waliuza mali zao wakingoja mwisho wa dunia mwishoni mwa mwaka 1999. Mwisho haukuja, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Mwaka 2023 Shakahola, kule Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Simfananishi mtumishi wenu na hao, simjui. Nasema mlango wa kuingilia unafanana: kwanza ada ya mtoto inaonekana haina maana, kisha kazi, kisha chakula. Bwana mwenyewe alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Hiyo ni Mathayo 24:36.

Muuguzi wa Zamu

Mzee amesema vizuri kuhusu nyumba. Mimi nimeguswa na lile jambo la pili.

Dada, umesoma kwa makini habari ya wanawali kumi waliotoka na taa zao kumlaki bwana arusi, Mathayo 25? Bwana arusi alipokawia, wote walisinzia wakalala. Wote, na wale wenye busara wamo. Kwa hiyo tofauti yao haikuwa kwamba watano walikuwa macho na watano wamelala. Tofauti ilikuwa mafuta, na mafuta walishayachukua kabla ya usingizi. Unajipima kwa kuwaka kwa Ijumaa usiku. Usijipimie hapo.

Mimi nafanya zamu za usiku wodini. Saa tisa usiku hakuna muuguzi mwenye msisimko. Kuna dripu ya kitanda cha nne inayokaribia kuisha, kuna mtoto wa kupimwa joto, kuna daftari la kuandika. Unazunguka kwa sababu ni saa ya kuzunguka, na daktari akitokea ghafla anakuta kazi imefanyika. Ndivyo ninavyouelewa ule mfano wa mtumwa mwaminifu kwenye Mathayo 24: bwana wake alimkuta anawapa wenzake chakula kwa wakati wake.

Mama Mlezi

Nakubaliana na muuguzi, ila jamani tusimfariji haraka hivyo. Biblia juu ya kabati wiki nzima ni hatari. Wale watano waliambiwa wakajinunulie, kwa sababu mafuta ya mwenzako hayakutoshi. Mkesha ni mafuta ya kikundi, binti yangu. Una yako?

Mimi nakushauri hivi. Biblia ishuke kabatini ikae pembeni ya cherehani. Chagua Injili ya Luka, soma kipande kifupi kabla hujakanyaga mashine, kabla simu haijashikwa. Usijiwekee sura tano, utashindwa kabla ya Jumatano. Jioni waite watoto, wimbo mmoja, sala fupi, kila mmoja ataje jina la mtu wa kumwombea. Na kama kuna mtu mmekosana naye, kapatane naye wiki hii. Hilo wengi tunalikwepa tukidhani maombi marefu yatalifunika.

Na ushonaji wako usiudharau. Dorkasi wa Yafa alipofariki, Petro alipofika wajane walimzunguka wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Matendo 9. Januari ikifika, si kuna mtoto mtaani kwako anayekosa sare? Mshonee.

Mshonaji wa Makambako

Nimesoma yote, nimelia. Mungu awabariki. Hilo la Dorkasi nimemsomea binti yangu mkubwa hapa hapa dukani. Kipo kitambaa cha bluu kimebaki kwenye sare za shule, na mtoto wa kukivaa namjua.

Nyumba nimeelewa. Sasa wifi nimfanyeje? Nikimgusa ananiambia nimependa dunia. Na kijana ameanza kutoroka shule.

Kijana wa Kwaya

Msomee 2 Wathesalonike 3. Kule walikuwapo walioacha kazi, na Paulo, ambaye mwenyewe alishona mahema, aliwaandikia wazi: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula."

Mama Mlezi

Ni neno la kweli, ila huyo mama ukimwanzia na mstari huo atafunga mlango. Kwanza mwulize anaogopa nini. Mara nyingi anayeacha kila kitu ana hofu ya kuachwa. Ombeni pamoja, halafu muende wote wawili kwa mchungaji.

Mweka Hazina wa Kikoba

Naongezea la fedha. Angalieni katiba ya kikundi chenu. Vikoba vingi hisa hazitoki katikati ya mzunguko, zinasubiri siku ya kugawana. Kama yenu iko hivyo, msimlipe kwa huruma wala kwa ugomvi, mwambieni utaratibu ndio huo. Miezi hiyo itampa nafasi ya kutulia. Kijana asingojee mama atulie. Wewe na kaka yako nendeni shuleni wiki hii, muongeeni na mwalimu wa darasa, mjue amekosa siku ngapi na anadaiwa nini, kisha ndugu mgawane ada ya muhula. Mama akirudi kwenye nafasi yake atakuta mtoto bado yuko darasani.