MX-5 ya 1991 na chumvi ya Malindi

Jamani, nina Mazda MX-5 ya 1991, gari dogo la paa la turubai, lenye taa za kuinuka. Jioni nikikunja turubai nikapita barabara ya Silversands, kusi ikinipiga usoni, sitaki kufika nyumbani. Sasa taa ya kushoto haiinuki, na kutu imeanza mbele ya gurudumu la nyuma. Nifanyeje?

— Fungua boneti. Mota ya taa ina kifundo, kimefunikwa mpira. Kizungushe kwa mkono.

— Kutu hiyo si chumvi peke yake, ndugu yangu. Maji ya mvua hushukia vijitundu nyuma ya viti. Vikiziba, yanalala ndani ya bodi. Zibua taratibu kwa mshipi mnene wa kuvulia.

— Asanteni sana! Yametoka maji meusi na majani ya mvinje. Taa nayo imeinuka.