Chupa imepasuka wiki 31, uchungu hakuna: kwa nini tusipime njia?

zamu_ya_usiku
Wakuu naombeni ufafanuzi, mi ni mkunga mwanafunzi. Tuna mama mimba wiki 31, maji yanamtoka tangu alfajiri, homa hana, mikazo hana, mtoto anacheza vizuri tu. Nishavaa glavu nipime njia kwa kidole, msimamizi akanizuia palepale, spekulamu tu (kile kifaa cha kufungua uke ili uchungulie). Sasa nitajuaje kama imeanza kufunguka? Halafu mwenzangu anataka ampe amoksiklavu maana ndo ipo kabatini, wakati protokali inasema erithromaisini. Si zote antibayotiki jamani?

mkunga_mkongwe
Msikilize msimamizi. Kidole kinasukuma vijidudu vya ukeni hadi kwenye shingo ya kizazi na chupa iliyokuwa inavizuia ndo hiyo imeshapasuka, kila ukipima unamkaribishia infeksheni na unampunguzia siku za kubaki na mimba. Mlaze kidogo, weka spekulamu iliyosterilaizwa, uone kama maji yamejikusanya kule nyuma, usipoona mwambie akohoe uangalie kama yanachuruzika. Hapohapo unaichungulia na njia. Uchungu unausikia kwa mkono tumboni, hesabu mikazo ndani ya dakika 10. Njia utapima uchungu ukishakuwa wa kweli.

dozi_na_saa
Hiyo amoksiklavu msimpe kabisa. Utafiti wa ORACLE wa mwaka 2001 ulionyesha watoto ambao mama zao walipewa hiyo dawa walipata zaidi ule ugonjwa wa utumbo kuoza unaoua njiti, ndo maana WHO wanaikataza hapa. Erithromaisini mg 250 mara 4 kwa siku, siku 10 au mpaka ajifungue. Na deksamethasoni, ile steroidi ya kukomaza mapafu ya mtoto, mg 6 ya msuli kila saa 12, dozi 4. Magniziamu salfeti ya kulinda ubongo wa mtoto ni pale mnapoona anajifungua ndani ya saa 24, maana bado hajafika wiki 32. Kama hapo hamna uwezo wa kulea njiti, mpeni dozi ya kwanza mumpe rufaa mtoto akiwa bado tumboni, msisubiri azaliwe ndo muanze kutafuta gari.

zamu_ya_usiku
Asanteni sana. Steroidi keshaanza, ila majibu ya leo seli nyeupe zimepanda na daktari wa zamu anasema aanzishiwe uchungu, ni infeksheni.

mkunga_mkongwe
Steroidi zenyewe zinapandisha seli nyeupe, kwa hiyo namba hiyo peke yake haitoshi. Joto limefika 38? Mapigo ya mama yanakimbia, ya mtoto yamezidi 160? Maji yananuka? Tumbo linauma ukiligusa? Yote hapana, endeleeni kusubiri na kupima, pedi mziangalie kila zamu. Ila ikithibitika ni infeksheni hapo hakuna cha wiki ngapi wala kumalizia dozi, anzeni antibayotiki za mshipa, mtoto atoke.